Umetengeneza Gemu Ukiwa Sugoi? Chanuka Kabla Wasee Waibebe

Enyewe kuna wasee wawili ukiwatajia neno "Sugoi" wanawaza vitu tofauti kabisa. Wa kwanza ni yule wa anime. Kwake sugoi ni Kijapani, ile nduru wahusika hupiga mtu akifanya kitu moto sana. Wa pili ni msee wa Uasin Gishu. Kwake Sugoi ni ocha, upande wa Turbo, unatoka Eldy ukifuata barabara ya Malaba, unapita Maili Nne na Jua Kali, na huko ndio boma la Prezo Ruto liko. Kuna hata wa tatu kama unapenda baiskeli: kuna kampuni ya Canada ya nguo za kuendesha baiskeli inaitwa SUGOi. Jina moja, wenyewe watatu, na hakuna mwenye amemuibia mwenzake. Shikilia hiyo stori, tutairudia.

Sasa chukulia wewe ndio msee wa Sugoi. Umemaliza fomu foo, mahindi imeshavunwa, laptopu ni ya mkono wa pili, na bando unanunua ya usiku ju ndio inaingiana na mfuko. Umejifunza Unity kwa YouTube mpaka macho ikawa nyekundu. Alafu ukaseti gemu yako: kijana anakimbia kando ya haiwei na kuku wawili mkononi, anawauzia abiria wa mathree kabla dere akanyage mafuta. (Ndio, kila mtu Kenya anajua ni nani husema alianzia maisha hapo. Tutafika kwake pia.) Levo ya tano inakuwa usiku, na Chemosit anatoka msituni. Tuiite Kuku Mbio. Ni gemu ya mfano tu, lakini maswali yake ni ya ukweli.

Umeituma kwa grupu ya WhatsApp, macuzo wameishika, mtaa mzima unaichezea. Wiki tatu baadaye unacheki Play Store, unapata kitu inaitwa Kuku Fasta. Kuku ni yule yule ulichora usiku ukiwa na homa. Mlio ni ule ule ulirekodi kwa boma lenu, hadi mathe anasikika kwa mbali akiita ng'ombe. Na kuna msee anakula doh ya matangazo.

Unafanya nini? Na kabla ya hapo, ni nini haswa ilikuwa yako?

Usidhani hii ni shida ya Japani na Marekani pekee. Wakenya wametengeneza magemu kitambo. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, alafu akawa mmoja wa waanzilishi wa Leti Arts, studio ya Ghana na Kenya. Planet Rackus walitoa Ma3 Racer, ya kuendesha mathree kwa simu. Andrew Kaggia na Black Division wakaleta Nairobi X mwaka 2015, ile ya kupigana na maeliyeni ndani ya Kanairo. Kwa hivyo sheria yetu si ati haijui magemu. Shida ni wasee wengi huijua wakati wameshaibiwa.

Wazo halina mwenyewe

Hii ndio inauma, kwa hivyo tuimalize mapema. Wazo la "kijana anauza kuku barabarani" si lako. Haliwezi kuwa lako. Msee wa Kitale anaweza kutengeneza gemu ya kuuza kuku kesho asubuhi, na wa Naivasha atengeneze ya kuuza mahindi choma na sukuma, na huwezi kuwashtaki ukashinda. Hakimiliki inalinda vile wewe umelitoa hilo wazo: michoro, muziki, maneno, kodi ya programu. (Kodi hapa si ile ya KRA, tulia.)

Ukitaka kuona vile koti zetu huangalia hii mambo, cheki ile kesi ya Faulu na Safaricom ya mwaka 2012. Faulu ilikuwa inadai M-Shwari imebeba wazo la Kopa Chapaa, mkopo wa kwa simu. Ilitaka koti isimamishe Safaricom. Koti ilikataa kusimamisha. Kukuwa na wazo la mkopo wa simu ni kitu moja, kuonyesha koti kazi yako yenyewe imenakiliwa ni kitu ingine.

Kwa magemu, mfano mzuri ni Tetris. Kampuni inaitwa Xio ilitengeneza gemu yake, Mino, na haikukana imefuata Tetris. Walijitetea ati walichukua sheria za mchezo pekee, na sheria za mchezo ni za kila mtu. Jaji wa New Jersey mwaka 2012 alikubali nusu: ni kweli sheria za mchezo ni za kila mtu. Lakini Xio walikuwa wamebeba mpaka sura, vipande vile vile, uwanja wa kipimo kile kile. Wakalala. Upande wa Uingereza, kesi ya Nova na Mazooma ilienda kinyume. Ilikuwa ni magemu ya pool, na Koti ya Rufaa mwaka 2007 ilisema kufanana kwa mawazo ya jumla haitoshi. Majaji wa Kenya husoma hukumu za Uingereza sana, kwa hivyo hiyo ya pili usiipuuze.

Na nyinyi wa Free Fire, mnajua Krafton, wenye PUBG, walishtaki Garena huko California Januari 2022 wakisema Free Fire imewaiga? Hawakuenda kusema "watu kurushwa kisiwani wapigane ni wazo letu." Walihesabu vitu: vile mnaanguka kutoka angani, silaha zimepangwaje, maeneo, rangi. Hata kampuni ya mabilioni inajua wazo peke yake halibebi kesi.

Kwa hivyo rudi kwa Kuku Fasta. Kama jamaa alitazama gemu yako akaenda akachora kuku wake, akaandika kodi yake, akarekodi milio yake, jipe shughuli. Lakini yeye amebeba kuku wako na mlio wa boma lenu. Hapo ako na noma.

Kodi yako ni ndugu ya setibuku

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaweka programu za kompyuta kwa kikapu cha kazi za fasihi. Yaani ile mistari uliandika saa nane usiku iko darasa moja na riwaya ulisoma fomu foo. Kuku uliyechora ni kazi ya sanaa. Mlio ni rekodi ya sauti. Gemu moja, haki kibao ndani yake.

Na haki inaanza yenyewe. Hauhitaji kuomba mtu. Ukishaitengeneza kwa jasho lako na ikahifadhiwa mahali, kwa laptopu ama hata kwa daftari, imekuwa yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Wajukuu wako watakula kuku.

Alafu mbona watu husajili KECOBO, ile Bodi ya Hakimiliki? Ju kwa koti swali ni "nani alitengeneza kwanza?" na cheti hukuanzisha mbele. Usajili ni wa hiari na unafanywa mtandaoni. Mimi ningesajili, lakini pia ningeweka kila toleo la gemu na tarehe yake, michoro ya penseli, na rekodi za Git kama unatumia. Mwizi huwa na gemu iliyomalizika pekee. Hawezi kuonyesha kuku wa kwanza aliyekuwa na miguu mitatu kwa bahati mbaya.

Karatasi, buda. Karatasi.

Hapa ndio nataka ukae chini, ju hapa ndio vijana wengi hupoteza magemu. Hawapotezei kwa wezi wa mtandao. Wanapotezea kwa klayenti na kwa marafiki.

Tuseme mzee wa agrovet pale Eldy ameona Kuku Mbio, amecheka, alafu anakuambia: "Kijana, nitengenezee kama hii lakini kuku wanakula chakula ya duka langu. Nakupea thao 15." Mnakubaliana kwa mdomo, anatuma M-Pesa, unamfanyia. Gemu inashika. Baada ya mwaka kampuni kubwa ya chakula cha mifugo inataka kuinunua. Nani anauza?

Kifungu cha 31 cha ile sheria kinasema kazi ikiagizwa na mtu, ama ikifanywa na mfanyakazi kazini, hakimiliki inachukuliwa imehamia kwa aliyeagiza ama kwa mwajiri, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Soma tena polepole. Mkinyamaza, ni ya mzee wa agrovet. Hajakuibia. Sheria imempa, na wewe ulikuwa na nafasi ya kusema hapana ukakosa kusema.

Na si gemu nzima tu. Ni hata ule mchoro mmoja unachorea studio ya ng'ambo kupitia mtandao kwa dola 20. Kwanza huko unabonyeza "nakubali" kwa masharti marefu hakuna mtu husoma, na mara nyingi masharti yanasema hiyo kazi ni ya klayenti akishalipa. Sisemi usichukue hizo job. Doh ni doh. Nasema ujue unauza nini, ndio bei iwe ya kuuza, isiwe ya kukodisha.

Kama unataka kubaki na yako, andika kitu fupi kabla ya kuanza. Hata hivi: "Mteja anapata ruhusa ya kutumia gemu hii kwa biashara yake. Hakimiliki ya programu, michoro na sauti inabaki kwa mtengenezaji." Majina, tarehe, saini zenu wawili. Mzee hatakasirika. Wazee wa Eldy wamenunua mashamba na makaratasi maisha yao yote, wanaelewa karatasi kukuliko.

Sasa geuza hiyo kitu upande mwingine. Cuzo wako anapiga biti noma, ukamwambia akutengenezee wimbo wa gemu. Hukumlipa, ni cuzo, mlikula pamoja ugali. Hakuna kuagiza kwa biashara hapo, hakuna ajira, hakuna karatasi. Biti ni yake. Wewe uko na ruhusa ya mdomo tu. Na ruhusa ya mdomo, sheria inasema, inaweza kufutwa wakati wowote, isipokuwa kama kuna mkataba uliilipia na kuifunga. Siku gemu imeanza kuleta ganji na cuzo amekosana na wewe ju ya dem, anaweza kukuambia utoe wimbo wake. Na ako sawa.

Kuhamisha hakimiliki kabisa, ama kupeana ruhusa ya mtu mmoja pekee, lazima kuandikwe na kusainiwa na mwenye kazi. Usiniambie ati "tuliongea". Mkiwa watatu mnajenga gemu, andikeni nani ana asilimia ngapi wakati bado haina hata shilingi. Ni rahisi kugawana hewa. Kugawana doh ndio huleta vita.

Kuna kitu moja haiendi hata ukiuza: haki yako ya kutajwa kama mtengenezaji, na kukataa kazi yako iharibiwe vibaya mpaka ikuaibishe. Hiyo inabaki na wewe. Haileti pesa moja kwa moja, lakini job inayofuata huja kupitia jina.

Akaunti ni ya nani?

Hii haiko kwa sheria, iko kwa ground. Kufungua akaunti ya mtengenezaji kwa Play Store ni dola 25, unalipa mara moja. Kwa msee wa Sugoi hiyo ni doh mingi, na kadi ya benki ya kulipia pia ni stori ingine. Kwa hivyo watu huweka gemu kwa akaunti ya rafiki mwenye anayo tayari. Alafu matangazo yanalipa huyo rafiki. Masasisho yanapitia huyo rafiki. Akipoteza nywila ama akihama simu, gemu imeenda. Hakimiliki ni yako kwa karatasi lakini huwezi kuigusa.

Subiri. Uza kuku wa ukweli kama ni lazima. Fungua akaunti yako, na ufunguo wa kusaini faili uweke mahali pawili. Ukishamtumia mtu faili za mradi zote ndani ya Telegram "anisaidie tu kurekebisha kitu kidogo", umempea duka na kufuli yake.

Jina: Sugoi inarudi

Umeamua studio yako itaitwa Sugoi Games. Inasikika fiti, hata wasee wa anime watadownload wakidhani ni ya Tokyo. Jina si mambo ya KECOBO. Jina na logo ni alama ya biashara, na unaenda KIPI, ile taasisi ya mali ya viwanda. Na huko alama haijileti yenyewe kama hakimiliki, unasajili ndio upate cheti, inakaa miaka 10 alafu unaifanya upya.

Lakini neno Sugoi lina shida mbili. Sheria ya Alama za Biashara, kifungu cha 12, haitaki neno ambalo kwa maana yake ya kawaida ni jina la mahali. Sugoi ni mahali. Haitaki pia neno lenye linasifu bidhaa moja kwa moja, na kwa Kijapani ndio hiyo, "kali sana." Si ati haiwezekani kabisa. Ukichanganya na neno la kipekee na logo yako unaweza kupita, ukikubali hutadai neno Sugoi peke yake. Na hiyo ni haki. Mama wa hoteli pale Sugoi sentani hafai kuogopa barua ya wakili ju ameandika "Sugoi" kwa kibao. Unakumbuka kampuni ya Uingereza ilivyojaribu kusajili neno "kikoy" mwaka 2006? Watu wa Kenya walipiga kelele, na mwishowe hiyo kampuni ikaachana nayo.

Ndio maana Sugoi watatu wa mwanzo hawagombani. Alama inalindwa kwa nchi iliyosajiliwa na kwa aina ya bidhaa. Aina ziko 45. Magemu ya kupakua huwa ya 9, burudani ya mtandaoni ni ya 41, na nguo ni ya 25. Kabla ya kuchapisha fulana, lipia KIPI wakusakie kama jina limeshachukuliwa. Ombi likipita hutangazwa kwa jarida lao, na yeyote ana siku 60 za kupinga.

Ukidhani jina ni mapambo tu, angalia EA. Walikuwa na FIFA karibu miaka 30. Kodi ni yao, uwanja ni wao, lakini herufi nne ni za watu wa mpira wa dunia. Makubaliano yakaisha, na Septemba 2023 gemu ikatoka ikiitwa EA Sports FC 24. Gemu ilibaki, jina likaenda.

Vitu vya wenyewe ndani ya gemu yako

Kumbuka pia wewe unaweza kuwa mwizi bila kujua. Kwa Kuku Mbio kuna mathree, na umeweka majina na logo za sacco za ukweli. Toa. Mnaokumbuka PES ya zamani mnakumbuka Man Red na Merseyside Red. Konami hawakuwa na leseni ya hizo timu, wakabuni majina, na bado tulijua ni nani na tulicheza mpaka padi zikaisha. Buni sacco yako. Wimbo wa Arbantone ulioshika, picha za Google, fonti, hizo pia ni za watu. "Bure" kwa mtandao mara nyingi ni bure na masharti: taja jina langu, ama usiuze.

Sura za watu nazo? Kumweka mwanariadha maarufu wa hapo Eldy ati ndio shujaa wa gemu bila ruhusa ni kujitafutia. Huko Marekani, Ed O'Bannon aliyekuwa mchezaji wa basketboli wa chuo alijiona ndani ya gemu mwaka 2009, akashtaki, na kesi hizo zikafanya EA, wenzake na NCAA kukubali kulipa jumla ya dola milioni 60. Hapa kwetu, Ofisi ya Kamishna wa Data mwaka 2023 ilipiga klabu moja ya Nairobi faini ya 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila idhini. Picha moja tu.

Na yule jamaa wa kuku? Kwa maoni yangu, kumchekesha kiongozi ndani ya gemu ni karibu na katuni za gazeti, na Katiba inalinda uhuru wa kusema. Lakini kuweka sura yake kwa tangazo la kuuza gemu, ama ile wilbaro ya chama kama logo yako, ni mambo mengine kabisa. Kijana wako asiye na jina anatosha. Watu wataelewa wenyewe.

Alafu Chemosit. Kogo wako alikuhadithia, na yeye alihadithiwa na kogo wake. Hakuna mtu mmoja anamiliki Chemosit, lakini si ati hana wenyewe. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni, na inaipa jamii usemi wakati utamaduni wake unatumiwa kibiashara. Ukichora Chemosit wako mwenyewe, mchoro ni wako. Ukijaribu kuzuia msee mwingine wa Nandi asimtumie Chemosit kwa gemu yake, hapo umepotea. Na studio ya ng'ambo ikija kumbeba Chemosit iseme ni wake pekee, wazee wana pa kusimamia.

Swali hunijia sana: "Je, naweza kupata hataza ya vile gemu inachezwa?" Nintendo walishtaki wenye Palworld huko Tokyo Septemba 2024 kwa hataza, ndio. Lakini sheria ya Kenya inasema wazi mipango na kanuni za kucheza michezo si uvumbuzi wa kupewa hataza. Okoa hiyo doh.

Sasa Kuku Fasta

Kwanza usimtukane kwa TikTok. Utamfanya afute ushahidi. Piga skrinshoti za ukurasa wa gemu, jina la mtengenezaji, tarehe, idadi ya waliopakua. Pakua faili yenyewe uihifadhi. Rekodi video ukicheza zote mbili, kuku kwa kuku.

Alafu jaza fomu ya Google ya malalamiko ya hakimiliki. Taja vitu haswa: mchoro huu, mlio huu. Usiandike "ameiba wazo langu", ju unajua sasa wazo halina mwenyewe na watakutupa nje. Jamaa anaweza kujibu kukana, na akikana, gemu inaweza kurudi isipokuwa wewe umeenda kotini. Kama imewekwa kwa tovuti inayohifadhiwa hapa Kenya, marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yanakupa njia ya kuandikia kampuni ya mtandao notisi, na wanafaa kuitoa ndani ya saa 48 za kazi. Usiandike uongo kwa hiyo notisi, ni kosa la jinai.

Ikifika kotini huhitaji kwenda Kanairo, Koti Kuu iko Eldoret. Mtafute wakili, na umkumbushe kitu moja ambayo husahaulika: Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uje na cheti kinachoeleza ulitolewa vipi na kwa kifaa gani. Skrinshoti uliyoprinti saiba, hata ikiwa na rangi, inaweza kukataliwa bila hicho cheti.